Mti wa Kubebea Okidi

Ihumwa, Dodoma
12 Februari 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Vipi magoti, na kile kikohozi kilichokushika wakati wa Krismasi kimekuacha? Huku tu wazima. Mvua mbili tatu zimelaza vumbi, ingawa malori ya kokoto hayajapumzika hata siku moja. Eliakimu anakusalimu sana. Kazi ya kuchomelea kule kwenye reli imembana, ndiyo maana haandiki.

Kifurushi chako kilifika salama. Kondakta wa basi la Kondoa alinipigia, nikaenda kukipokea barabarani, nikakuta umezifunga okidi kwa kanga mbichi kama mtoto mchanga. Nimesikitika sana kwa ule mkuyu wa zahanati. Siamini upepo umeweza kuuangusha mti ule. Umefanya vizuri kuziokota kabla wachoma mkaa hawajafika. Vichaka viwili ni vya yale maua meupe, sivyo? Na kile kikubwa ni cha njano yenye madoa.

Sasa naomba usinicheke. Nilizipanda kwenye makopo ya rangi. Nilijaza udongo mweusi na samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Wiki ya pili majani yakalegea, na nilipochimbua kidogo nikakuta mizizi inanuka. Nimezitoa zote, nimezisafisha, na sasa zimelala juu ya meza ya kupigia pasi. Jirani yangu Mwanahawa alikuja akaziona, akasema, "Hizo si za ardhini. Mwulize aliyekuletea."

Ndiyo nakuuliza. Nje siwezi kuziweka kwa sababu ya mbuzi wa watu na upepo wa huku unavyokausha kila kitu. Nataka zikae humu ndani, kwenye chumba cha cherehani, karibu na dirisha la mashariki, ninaposhinda kutwa nikishona. Nizishikize kwenye mti gani?

Tangu masikio yako yazibe najua simu kwako ni tochi tu, kwa hiyo jibu kwa barua na umpe kondakta yule yule.

Mkweo,
Asnath

*

Busi, Kondoa
3 Machi 2023

Asnath mkwe wangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha, magoti yapo pale pale. Hapa tunapalilia, mtama umesimama vizuri, na nyani bado hawajagundua.

Kuhusu kutokucheka, umechelewa kuniomba. Nilicheka mpaka Matonya, aliyekuwa anapita na ng'ombe wake, akaingia kuona nina nini. Akachukua kibao changu cha chaki akaandika, "Kuna habari njema?" Nikamwandikia kwamba mkwe wangu amezika okidi zikiwa hai.

Sikiliza. Hizi haziuli mti wala haziunyonyi, zinaukalia tu. Mizizi yake inataka kushika kitu na inataka hewa. Ikinyeshewa ikauke, ndipo inyeshewe tena. Kwa hiyo unatafuta mti mgumu usiooza upesi, wenye gamba la kukwaruza ili mizizi ipate pa kung'ang'ania, na usiwe na utomvu wala mafuta yanayonuka. Mkaratusi usiusogelee. Msonobari pia una gundi nyingi. Mwarobaini watu watakuambia ni mzuri kwa kuwa wadudu hawaupendi, lakini kinachomfukuza mdudu sijui kitaifanyia nini mizizi, kwa hiyo uache. Utashangaa kuhusu mkuyu wenyewe. Ukiwa hai unazibeba miaka na miaka, ukishakatwa, mvua chache tu unakuwa uji.

Nimekutumia kipande cha mgunga. Ni kizito, gamba lake ni zuri. Kiloweke kwenye beseni, kisugue kwa brashi, kikauke juani. Kisha weka okidi upande, mizizi ikiwa imelala kwenye gamba, halafu uifunge kwa vipande vya soksi ndefu ya zamani. Usitumie waya. Ukipata makumbi ya nazi sokoni, weka kidogo chini ya mizizi yabaki na unyevu, maana hewa ya Dodoma ni kavu. Nyunyiza maji asubuhi, jioni ikute imekauka.

Mwambie Eliakimu akitoboe na kukitundika. Wewe usijaribu kukibeba.

Msalimie sana mwanangu.

Mama Eliakimu

*

Ihumwa
21 Aprili 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi za shamba. Pasaka yako ilikuwaje? Mimi nilisali hapa hapa Ihumwa, nikarudi nikalala mchana wote. Ushonaji umenichosha, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sare jana.

Ule mgunga wako ulikuja na wageni. Wiki ya kwanza nilikuwa nasikia sauti ndogo kila nikizima cherehani, kru, kru, nikadhani ni panya. Asubuhi moja nikakuta unga wa manjano juu ya mashati meupe ya wanafunzi. Dumuzi, mama. Walikuwa wamejaa ndani. Nilipoushika nitazame vizuri, gamba lote likabanduka kama ganda la muhogo, likabaki mkononi mwangu pamoja na okidi iliyofungwa juu yake. Gogo nimelifanya kuni. Mashati nimeyafua.

Usijilaumu, nimekwishapata mti mwingine. Mwanahawa anafanya kibarua kule Makutupora kwenye zabibu, na mwaka huu wanang'oa mizabibu ya zamani. Ameniletea mashina matatu. Laiti ungeyaona. Yamejipinda na kujisokota, gamba lake limechanika nyuzi nyuzi, mizizi inapata pa kupenya kila mahali. Hata bila ua ni pambo tosha. Nimezifunga okidi zote tatu, nimeyaegemeza ukutani chini ya dirisha, na wateja wanaokuja kupimwa nguo hawaachi kuyatazama.

Eliakimu hajambo, ana kazi nyingi. Anakusalimu.

Mkweo,
Asnath

*

Busi
14 Mei 2023

Asnath,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya. Mimi nipo.

Pole kwa mashati. Mgunga ule niliuokota chini, ndiyo sababu. Mti ulioanguka na kulala ardhini, dumuzi wanakuwa wamekutangulia. Tawi zuri ni lile lililokaukia juu ya mti wenyewe.

Mizabibu siijui, huku kwetu hatuna. Iangalie tu, usiiamini kwa sababu ya uzuri.

Nakuletea tawi la mkwaju. Limekaukia juu, gamba limeshika, ukiligonga linalia kama mfupa. Nimelichagua jembamba lisiwe na uzito. Nimelitoboa kwa msumari wa moto na kamba nimeshaipitisha, kwa hiyo unaweza kulitundika mwenyewe ukisimama kwenye stuli. Hahitajiki mtu wa kukushikia.

Kwenye mfuko kuna mbaazi na asali. Asali ile usiwape wateja. Pika kidogo, lakini pika, na ukae chini ule.

Mama Eliakimu

*

Ihumwa
2 Julai 2023

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza muda mrefu. Mwili ni mzima.

Nianze na okidi, maana ndilo jambo rahisi. Mizabibu ilikuwa sumu. Mwezi wa tano mizizi ilianza kuota, ncha zake za kijani, nikafurahi. Kisha ncha zikawa nyeusi moja baada ya nyingine, kama zimechomwa na moto wa kiberiti. Mwanahawa alimwuliza bwana shamba wao, akaambiwa mizabibu ile imepuliziwa dawa ya bluu ya ukungu miaka yote, dawa yenye shaba, na shaba imeingia kwenye gamba na haitoki kwa kuloweka. Zabibu inaivumilia, okidi haiwezi. Nyeupe moja imekufa. Ya njano nimeikata mizizi yote iliyoharibika na nimeiweka kwenye kikapu kitupu, ipumzike. Nyeupe iliyobaki niliihamishia kwenye mkwaju wako, na leo nimeona mzizi mpya. Umeligusa gamba na umejibandika, mama. Nilijaribu kuusukuma taratibu kwa kidole, haukutoka.

Sasa lile lingine.

Siku niliyotundika tawi lako nilisimama kwenye stuli, nikalivika kwenye msumari, likakaa. Nikashuka, nikaisoma tena barua yako. Hahitajiki mtu wa kukushikia. Na chini hukumsalimu Eliakimu. Katika miaka yote saba niliyo mkweo hujawahi kuandika barua bila kumsalimu mwanao. Nikakaa sakafuni na lile tawi juu ya kichwa changu.

Ulijuaje?

Ameondoka tangu Novemba. Alisema kazi imehamia upande wa Tabora na atakuwa anakuja mwisho wa mwezi. Alikuja mara moja. Januari akamtuma dereva achukue nguo zake na mashine yake ya kuchomelea. Nilimfungia dereva mzigo kwa mikono yangu, nikamwekea na chai. Tangu hapo simu zake ni fupi, na nyuma yake nasikia mwanamke akiongea.

Sikukuambia kwa sababu ya presha yako. Na kwa sababu niliona kwamba siku nitakayokuambia, sitakuwa tena mkweo, na sitakuwa na mtu wa kumwandikia kuhusu magogo.

Asnath

*

Busi
16 Julai 2023

Asnath mwanangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa mlangoni, nikaisoma tena nikiwa shambani. Presha yangu haijambo. Nayo ilikuwa imeshajua.

Jumamosi ya Pasaka nilimwona Eliakimu anashuka kwenye pikipiki pale kwenye mteremko. Nikafurahi, nikatazama nyuma yake nikikutegemea wewe. Akashuka binti mwingine. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana.

Nilimpa Eliakimu kibao. Akaandika, "Mama, huyu ndiye mwenzangu sasa." Nikafuta, nikaandika, "Asnath yuko wapi?" Akaandika, "Yupo, hajambo." Nikamrudishia kibao kwa sababu hilo halikuwa jibu, lakini hakuandika tena. Alikwenda kutazama zizi, kana kwamba kuna kitu kimeharibika kule.

Yule binti sina la kumlaumu. Ana adabu, aliosha vyombo bila kuambiwa, na usiku nilimwachia kitanda changu kwa sababu ya hali yake, mimi nikalala jikoni. Sijui Eliakimu alimwambia nini kuhusu wewe. Huenda hakumwambia kitu. Walikaa siku ile moja, wakaondoka.

Mtoto anayekuja ni mjukuu wangu, Asnath. Ni wa kwanza, na siwezi kukuandikia kwamba simtaki, nitakuwa nadanganya. Nakuambia mimi mwenyewe usije ukalisikia kwa watu wa sokoni.

Lakini barua zako zilipokuja zikisema anakusalimu, anakusalimu, nilijua unajikaza kwa ajili yangu. Nikaona nikikuambia najua, nitakuwa nimekuvua nguo mchana kweupe. Basi nikanyamaza nikatafuta tawi jepesi. Sikuwa na akili nyingine.

Huku wameshaanza kuniuliza kama nitakudai vitu vya mahari. Mdogo wa marehemu mume wangu aliniandikia kibaoni, "Huyo si wa kwetu tena, hana hata mtoto." Nilifuta kwa mkono nikamwandikia, "Aliyemwacha ni Eliakimu. Mimi sijampa Asnath talaka." Akasoma, akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Kuanzia leo tusifichane kitu, wewe wala mimi.

Usiinyunyizie ile nyeupe kupita kiasi kwa sababu ya furaha.

Mama yako

*

Ihumwa
10 Septemba 2023

Mama,

Shikamoo. Nilikaa na barua yako siku nyingi. Nimeifungia kwenye sanduku la vifungo, naisoma ninapochoka.

Kwa kuwa tumekubaliana, nisikufiche. Eliakimu alinipigia. Amepata mtu wa kununua nyumba hii. Alisema nianze kupanga vitu vyangu nirudi kwetu Mpwapwa, na kwamba atanifikiria. Nilimwuliza, "Utanifikiria kwa lipi?" Akasema mtandao ni mbaya, akakata.

Nyumba hii unaijua ilivyojengwa. Yeye alichomelea milango na madirisha, mimi nilishona usiku na mchana tukapata mabati. Hakuna tofali ambalo mmoja wetu alilileta bila mwenzake. Nilikwenda kwa mwanasheria mmoja mama, anasaidia wanawake bila malipo, akanieleza kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yangu, na akaniambia nisisaini kitu chochote. Nilitoka pale nimesimama wima. Nilipofika nyumbani, nikafungua mlango na kukuta kimya kile kile, ujasiri ukaniisha. Haki ninayo, mama, ila nguvu ya kukaa nayo peke yangu sina. Kila gari likisimama nje nadhani ni mnunuzi. Sina mtoto wa kunishikiza hapa, na kwa baba yangu wameshaniuliza nang'ang'ania nini.

Nimeanza kufunga vyombo.

Okidi nyeupe imeshika. Mizizi imelizunguka tawi mpaka upande wa nyuma, soksi nimeshazifungua na haidondoki. Kwenye basi la Mpwapwa nitakuwa na cherehani na magunia, sioni nitaibebaje bila kuivunja. Nimpe kondakta akurudishie, au nimwachie Mwanahawa?

Mwanao,
Asnath

*

Busi
20 Septemba 2023

Asnath,

Usifunge kitu. Ulichofunga kifungue.

Okidi ikishashika mti haibanduliwi. Ukiivuta, inayobaki kwenye gamba ni mizizi yake. Iache hapo hapo ilipo.

Nakuja na basi la Jumamosi. Mbuzi nimemwachia Matonya, kuku nimewagawa. Uje kunipokea wewe mwenyewe, usije na mtu wa kunibebea mzigo, kondakta atasaidia. Nina kibao changu, sufuria moja na godoro.

Mama yako

*

Busi, Kondoa
8 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Leo mimi ndiye wa Busi na wewe ndiye wa Ihumwa. Kalamu imeshangaa, nimeandika anwani mara mbili.

Nilifika salama. Nyumba yako haikuvuja, ila mchwa walikuwa wameanza nguzo ya jikoni na Matonya ameshaimwagia mafuta machafu. Mvua imenyesha ya kutosha kupandia. Matonya amelima kwa ng'ombe wake sehemu yote ya juu, na mimi nafuata nyuma na mbegu. Tumemaliza mahindi, bado mtama na mbaazi. Mgongo unauma kwa namna nyingine kabisa na ule wa cherehani. Vizuri hukuja wewe na magoti yale, matope ya huku yanameza ndala.

Siku ya kwanza watu walikuwa wananitazama. Nilikuwa kisimani nikasikia mama mmoja akiuliza, "Huyu ni nani?" Mke wa Matonya akajibu bila kugeuka, "Mtoto wa Antonia." Jina lako lilitosha, hakuna aliyeuliza zaidi. Nikabeba ndoo yangu.

Nilikwenda kuuona ule mkwaju ulipotoa tawi langu. Mama, tawi lile lilikuwa juu ya kimo cha watu watatu. Nikamwuliza Matonya ulipandaje. Akasema hukupanda. Ulibeba kigoda ukakaa chini ya mti, na yeye alipopita ukamwonyesha tawi kwa kidole. Akakwambia ana haraka, ukaonyesha masikio yako kwamba husikii, ukaendelea kuonyesha kwa kidole mpaka akavua viatu.

Juu kule kuna okidi nyingine za njano, zimejaa kwenye maungio ya matawi. Sikuzigusa, ziko kwao. Ila nimepata matawi mawili yaliyokaukia juu, nimeyagonga yakalia vizuri, nimeyapasua ncha kutazama kama kuna dumuzi. Hakuna. Moja litakuwa la ile yetu ya njano iliyoko kikapuni.

Miezi hii miwili tuliyokaa pamoja sijakuambia kitu, kwa kuwa kukuandikia kibaoni mambo mengine naona haya. Usiku nilikuwa nikiamka nasikia ukikoroma chumba cha pili. Ndivyo nilivyoanza kulala tena.

Nina wasiwasi kukuacha peke yako. Nimemwomba Mwanahawa awe anapita asubuhi na jioni. Usimfukuze.

Mwanao,
Asnath

*

Ihumwa, Dodoma
22 Desemba 2023

Asnath mwanangu,

Marahaba. Habari ya kwamba nakoroma, marehemu baba Eliakimu hakuwahi kuniambia. Mwanahawa anapita kama ulivyomwagiza na anaongea nami muda wote ingawa anajua sisikii. Nimemzoea.

Ile nyeupe imetoa kikonyo, na maua mawili yamefunguka. Mchana haina harufu kabisa. Jua likizama inajaa chumba kizima, inaingia mpaka kwenye vitambaa vyako. Mwanahawa aliniandikia kuuliza natumia sabuni gani.

Sasa kaa chini.

Jumanne nilikuwa kwenye kiti chako dirishani nachambua mboga. Bila shaka walibisha hodi, mimi sikusikia. Niliinua macho nikakuta mlango uko wazi na Eliakimu amesimama na ufunguo mkononi. Nyuma yake kulikuwa na kijana wa Kihindi, nadhifu, viatu ameviacha nje. Eliakimu aliponiona alibaki vile vile, mkono juu. Nadhani alijua wewe uko Busi, ila kwamba mimi niko hapa hakujua. Midomo yake ilitembea kidogo. Nikaonyesha masikio yangu, nikamsogezea kibao na chaki.

Hakuvichukua. Aliyechukua ni yule kijana. Ana mwandiko mzuri. Aliandika, "Shikamoo mama. Naitwa Sameer. Nimekuja kuiona nyumba. Nimeambiwa haina mtu."

Nikafuta, nikaandika, "Marahaba. Ina watu wawili. Mimi ni mama wa huyu. Mwingine ni mke wake, yuko shambani kwangu anapanda."

Alisoma polepole, kisha akampa Eliakimu kibao bila kufuta. Eliakimu akasoma. Mimi nikampa chaki.

Asnath, nilitaka aandike. Kama amekuja kuniambia nitoke, basi aniandikie niyasome kwa mwandiko ule ule niliomfundisha nikimshika mkono. Nilimtazama usoni sikuondoa macho. Alisimama na ile chaki mpaka ikamkatikia vidoleni. Kijana akainama akaokota kipande kilichoanguka, akaandika kwenye pembe ya kibao, "Samahani mama, sikujua." Akavaa viatu vyake, akaondoka. Niliona vumbi la gari lake dirishani.

Tukabaki wawili. Eliakimu alifuta kibao kwa kiganja, taratibu, mpaka pembeni. Kisha akaandika, "Shikamoo mama."

Nikaandika, "Marahaba. Umekula?"

Akatikisa kichwa. Nikampikia ugali na ile mboga. Usinikasirikie kwa hilo. Alikula kama mtu aliyetoka safari ya mbali, na mimi nilikaa nikamtazama anavyokula kama zamani.

Na kwa kuwa tulisema tusifichane, alinionyesha picha ya mtoto kwenye simu. Ni wa kiume. Ana paji la uso la marehemu mume wangu, nikalia. Nitakwenda kumwona, Asnath. Nitakwenda, nitambeba, na nitarudi hapa.

Alipomaliza kula nilimwandikia maneno haya, na nimeyanakili kwako kama yalivyokuwa. "Nyumba hii mliijenga wawili. Kama mnaachana, kaeni mbele ya watu mgawane kwa haki. Huwezi kuigawa kwa ufunguo, tena mwenzako akiwa hayupo." Aliyasoma. Alizunguka chumba, akasimama mbele ya okidi, akaitazama muda mrefu bila kuigusa. Halafu akauweka ufunguo wake juu ya cherehani yako.

Mlangoni alirudi, akaomba kibao. Akaandika, "Asnath ananichukia?"

Nikaandika, "Mwulize mwenyewe. Anajua kusoma barua."

Sijui kama atakuandikia. Sijui kama ameacha mpango wa kuuza au ameuahirisha tu, kwa hiyo yule mwanasheria wako tutakwenda kumwona pamoja ukirudi. Kama barua yake itafika huko Busi, kuijibu au kuitia motoni ni juu yako. Mimi sitauliza, na kwa lolote utakalofanya sitakuona vibaya.

Maliza mtama na mbaazi bila haraka. Mnyime Matonya chumvi ya mbuzi mpaka amalize ule uzio aliouahidi. Ukija ulete hayo matawi yako ya mkwaju, ile ya njano imeanza kutoa chipukizi ikiwa kikapuni na haitangoja sana.

Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu. Utaukuta.

Mama yako